Vibendera vya Sorrel Fork

Lyle Stubblefield alikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa husikia vizuri. Alikuwa ameketi katika mgahawa mmoja huku milimani, mbele yake maharage na mkate wa mahindi ambao hakuwa na nia ya kuulipia, gavana alipotokea kwenye televisheni ya ukutani. Akatangaza kwamba Washington imelipatia jimbo mamilioni ya dola ya kupeleka intaneti ya kasi mashambani. Kila nyumba, alisema, kila bonde, hata lile la mwisho kabisa. Wateja wakacheka. Gavana huyo alikwishasema hivyo, na aliyemtangulia alisema hivyo, na kila safari ahadi ilizaa tume, tume ikazaa mikutano, na mikutano ikazaa kahawa na maandazi.

Lyle hakucheka. Aliona jinsi watu walivyogeuka kutazama barabarani kicheko kilipokwisha, kana kwamba mkongo wa intaneti wenyewe ungepita muda si mrefu. Midomo ilikuwa imekataa lakini macho bado yalitamani. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo.

Garini mwake kulikuwa na kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa, alichokiokota kando ya barabara kuu. Akanunua fungu la vibendera vidogo vya waya, vile ambavyo mafundi huvichomeka ardhini kuonyesha pa kuchimba, na kesho yake akaanza kuvichomeka. Hakumwambia mtu lolote. Huku kwetu mtu aliyevaa kizibao na kuchomeka vibendera haulizwi kitambulisho. Huulizwa kama kahawa yake anaitaka na sukari. Kabla ya wiki kwisha alikuwa anakula keki za tufaha asizozijua majina, na kila aliyemkaribisha alimnong'oneza kwamba mstari ukipita upande wa jirani utakuwa umepotea bure.

Tusimwonee sana. Jimbo lilikuwa na ofisi nzima ya mpango huo, yenye mazulia na ramani za rangi. Kwenye ramani hizo bonde la Sorrel Fork lilipakwa kijani, yaani lina intaneti tayari, kwa sababu kampuni fulani ilisema inaweza kuipeleka huko ikitaka. Haikutaka. Lyle na jimbo waliuza bidhaa ile ile, ila Lyle angalau alifika.

Mwisho wa Sorrel Fork aliishi Bi Oma Ratliff na mumewe Hobart, mchimbaji mstaafu ambaye makaa yalimla mapafu. Daktari wake wa mjini alikubali kumwona kwa njia ya skrini, lakini bondeni hakuna mtandao hata wa kuombea. Basi kila wiki Oma alimpakia mzee garini, akamvusha mlima mpaka kwenye maegesho ya maktaba yenye intaneti, na hapo Hobart, mrija wa oksijeni puani, akamweleza daktari habari za kifua chake huku watu wakipita na vitabu vyao. Theluji ikianguka mlima haupitiki. Majira ya baridi yaliyopita nusura Hobart asitoke hai. Oma alitaka waya ufike jikoni kwake kabla ya theluji, basi, hakutaka kingine.

Alimweleza Lyle yote hayo. Lyle akatikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi, akachomeka vibendera kuanzia sanduku la barua barabarani hadi ukuta wa jiko, akaahidi mafundi Jumatatu, na akaondoka na paja zima la nguruwe ambalo Oma alilikausha kwa moshi miezi mingi. Alijisikia vibaya kidogo. Hali hiyo ilimtoka alipolionja.

Lakini windo lake kubwa lilikuwa Dwight Crumley, diwani na muuza magari makuukuu, mtu ambaye hata salamu zake zilitaka risiti.

"Mstari wako unapita bondeni," Dwight alimwambia, ameegemea pikapu nyekundu iliyong'arishwa ikang'aa. "Kule kuna vizee na kuku. Mimi mlimani nina vibanda vya kupangisha watu wa mjini, na watu wa mjini hawalali bila intaneti."

"Mheshimiwa, mstari umechorwa na jimbo."

"Kwani ni amri kumi za Musa? Upinde kidogo."

Lyle akashusha pumzi, akautazama mkweche wake. "Kupinda kuna kupanda na kushuka, mheshimiwa. Na gari langu unaliona."

Dwight akalitazama, akaitazama na pikapu yake, akatabasamu. "Mungu hakutukutanisha bure," alisema, akamrushia funguo.

Jioni hiyo mlima wa Dwight ulichanua vibendera, na Jumanne asubuhi Lyle alikuwa safarini. Alichagua njia ya nyuma, ya Sorrel Fork, kwa kuwa ya mbele inapita mlangoni mwa mahakama, jengo ambalo hakulipenda tangu ujana. Alipiga mluzi. Pikapu nayo ikaanza kukohoa, ikajikongoja mpaka kwenye sanduku la barua la Bi Oma, ikazimika katikati ya vibendera vya Lyle mwenyewe.

Akafunua zulia la sakafuni. Chini yake palikuwa na tope kavu la mtoni na kisamaki kilichokauka. Pikapu ilikuwa imezama katika mafuriko ya jimbo jingine, ikaanikwa, ikapigwa rangi, ikamngoja mjinga. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: Lyle, na paja la nguruwe la watu kando yake kitini, alimwita Dwight mwizi, mwongo, mtu asiye na haya. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Kisha akainua simu yake juu, akapanda nayo juu ya boneti, akapanda nayo kwenye ua. Mtandao haukuwepo, kama ambavyo yeye mwenyewe aliwaeleza watu kwa majonzi wiki nzima.

Jikoni kwa Oma kulikuwa na simu ya zamani ya ukutani. Akavaa tabasamu, akabisha hodi.

"Mafundi wamechelewa, mama," alisema. "Ngoja niwapigie."

"Kaa," Oma alimwambia. "Jana, mume wangu alipomaliza na daktari pale maktaba, niliwaandikia jimbo. Wakanijibu pale pale kwamba hawakujui. Wakanijibu pia kwamba bonde hili lina intaneti tayari. Kwa hiyo nimepata waongo wawili. Mmoja yuko mbali, siwezi kumfikia. Mwingine yuko jikoni kwangu."

Lyle akaikodolea simu.

"Piga, baba, piga. Ukimpigia sherifu wa polisi, ni mpwa wangu. Ukitaka gari la kuvuta magari mabovu, wilaya nzima liko moja, la Dwight Crumley. Atafurahi kusikia umefika wapi." Akamwekea sepetu na sururu mezani, kando ya sukari. "Au uchimbe pale ulipochomeka. Ukifika ukutani, kaka yangu anapeleka lori la majani ya ng'ombe ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Atakubeba."

Akachimba. Udongo wa kwetu ni mawe yaliyojipaka udongo usoni, na Lyle tangu azaliwe hakuwahi kushika mpini. Hobart alitolewa barazani akakaa na mtungi wake kumsimamia, na mzee ambaye kwa wiki nzima hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi aliipata ya kumwambia kwamba mfereji umepinda, kwamba hauna kina, kwamba yeye chini ya ardhi gizani angeunyoosha zaidi. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakatoka mengine. Lyle alipougusa ukuta wa jiko alilia waziwazi. Oma alimpa supu, akachukua paja lake, au kilichosalia, na pikapu akawafanya kuku wake waihamie.

Jimbo, kwa upande wake, lilibanwa. Washington ilitaka kuona kazi, la sivyo fedha zirudi, na ile ofisi yenye mazulia haikuwa imechimba hata shimo la kuzikia paka. Wakatumwa watu kutafuta chochote cha kuonyesha. Wakazunguka milima mpaka wakaukuta mfereji Sorrel Fork, umekamilika, na vibendera juu. Hawakuuliza nani kauchimba. Waliuliza tu gavana anaweza kufika lini.

Theluji ilipoanza Lyle alikuwa katika mgahawa wa jimbo la jirani, mbele yake maharage ambayo, ajabu, alikuwa ameyalipia. Kwenye televisheni gavana alikuwa amesimama Sorrel Fork na buti mpya, ameshika sepetu isiyo na vumbi. Nyuma yake Dwight Crumley alipiga makofi kwa uso wa mtu aliyemeza ndimu, maana mlimani kwake vibendera vilikuwa vimebaki vibendera. Kisha wakaonyesha jiko. Waya ulikuwa umefika: Hobart alikuwa mezani anaongea na daktari kwenye skrini, na Oma nyuma yake anamenya viazi, hamtazami gavana.

Mfereji huu, gavana alisema, ni kazi ya wataalamu wetu.

Lyle alihisi kitu kigeni kikimpanda kifuani. Akamgeukia mtu aliyekaa karibu naye, akamwonyesha viganja vyenye makovu.

"Ule mfereji nimeuchimba mimi," alisema. "Peke yangu."

Mtu yule akakitazama kizibao cha Lyle kilichochakaa, akasogeza sahani yake mbali kidogo.

"Na mimi ndiye gavana," alisema.