Mzee Anayepiga Kila Ijumaa

Hakuna mtu aliyekuwa akisikiliza Redio ya Serikali, na aliyelijua hilo kwa uhakika ni mpokea simu peke yake.

Alilijua kwa taa. Ubao wake wa simu ulikuwa na taa nyekundu kwa simu za kutoka nje na za kijani kwa simu za ndani ya jengo. Mtangazaji aliposema "wapenzi wasikilizaji, laini ziko wazi," nyekundu zililala fofofo na za kijani zikaanza kumeta. Mtangazaji wa michezo alipiga kutoka chumba cha pili akijiita Shabiki Damu. Msoma habari alipiga kwenye kipindi cha afya kuulizia mgongo wake. Mhasibu, mwanamume wa ndevu, alikuwa Mama wa Watoto Watano, na sauti alikuwa nayo. Kipindi kisichopigiwa simu kilifutwa, na mwenye kipindi naye akafuata. Kwa hiyo walipigiana. Mkono mmoja haulei mwana.

Mkurugenzi naye alikuwamo. Hotuba yake ya wiki ilirekodiwa Alhamisi, ili Ijumaa, ikiwa hewani, apate nafasi ya kujifungia ofisini, kushika simu namba moja, kubana pua na kumpongeza Mkurugenzi. Hewani alijulikana kama Mzee Mstaafu.

Mpokea simu, ambaye jengo zima lilimwita Mama Laini, aliwaunganisha wote kwa miaka kumi na tisa bila kumtaja mtu. Alikuwa amebakiza miezi kumi na moja astaafu.

Ndipo likatoka tangazo, likabandikwa mpaka vyooni: "Katika kuimarisha uelewa mtambuka wa hadhira, Redio imeanzisha Kitengo cha Kumfahamu Msikilizaji." Kitengo kilikuwa mtu mmoja aliyeitwa Mratibu, mwenye suti na dodoso la kurasa thelathini. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watangazaji wanavyowafahamu wasikilizaji wao. Kuwauliza wasikilizaji wenyewe hakukuwamo katika hadidu za rejea.

"Msikilizaji wako ni mtu wa namna gani?" alimuuliza mtangazaji wa michezo.

"Kijana mtanashati, mchangamfu, anajua mpira kuliko kocha," alijibu yule, akijitazama kwenye kioo cha studio.

Msoma habari alisema wake ni mtu mwenye akili nyingi asiyethaminiwa kazini. Mhasibu hakuwa na kipindi, lakini alijaza dodoso lote na kuomba jingine.

Mama Laini aliachwa mwisho, zikiwa zimebaki dakika mbili kabla ya chakula cha mchana.

"Mama, wanaopiga simu ni watu wa aina gani?"

"Mwanangu, nikikwambia utaandika?"

"Nimekuja kuandika."

"Taa nyekundu haijawaka wakati wa kipindi tangu binti yangu yuko darasa la pili. Sasa hivi ana mume."

Mratibu aligeuza karatasi mbele na nyuma. "Hilo ni jibu la swali namba ngapi?"

"Halina namba, baba."

"Basi tuweke 'hajui'," akasema, akaandika, akaenda kula.

Ripoti ilitoka na kurasa mia na nne. Ilithibitisha kwamba watangazaji wanawafahamu wasikilizaji wao kwa asilimia mia, jambo lisilowahi kuonekana popote duniani. Wengine walijua hata msikilizaji amevaa shati gani. Ukurasa wa arobaini ulimtaja msikilizaji bora, Mzee Mstaafu, kwa maoni yake yenye busara kuhusu uongozi wa Redio. Pendekezo lilikuwa moja tu: mpokea simu, kwa kuwa hawajui wasikilizaji, ni kizuizi kati ya Redio na hadhira. Aondolewe kuanzia Jumatatu.

Barua ilimfikia Alhamisi. Mtangazaji wa michezo akaja kumpa pole.

"Ila na wewe, Mama Laini, ungesema tu unawajua."

"Nawajua. Ndiyo maana niko hivi."

"Miezi kumi na moja tu, jamani."

"Nimevuka mto mzima, mamba ananidaka nikiwa nimeshika nyasi za ng'ambo."

"Pole. Lakini kwa hasira zako usituponze sisi."

"Nimekuponza lini, Shabiki Damu? Toka hapa, una kipindi cha kupigia."

Kesho yake Waziri alikuja kupokea ripoti katika ukumbi wa ghorofa ya juu. Mama Laini alikuwa chini kwenye ubao wake, kama kawaida. Saa nne asubuhi laini ya ukumbini ikawaka, kipaza sauti kikiwa wazi, akasikia kila kitu.

"Mpokea simu! Huyu mzee wa ukurasa wa arobaini, nataka kuongea naye. Sasa hivi," alisema Waziri.

"Mheshimiwa," ilisema sauti ya Mkurugenzi, "wazee saa hizi wamelala."

"Saa nne asubuhi?"

"Wanawahi."

"Mpokea simu, umenisikia?"

Mama Laini aliitazama barua yake. Akisema ukweli, ataondoka leo badala ya Jumatatu, na wenzake kumi na wanne watamfuata. Kudanganya hakuwahi. Kazi yake ilikuwa kuunganisha. Akaunganisha namba moja.

"Inaita, Mheshimiwa."

Iliita ofisini kwa Mkurugenzi, mlango wa pili kutoka ukumbini.

"Mheshimiwa, naomba udhuru, tumbo," alisema Mkurugenzi. Kiti kikaburuzwa, viatu vikatoka mbio. Simu ilinyanyuliwa katika mlio wa tisa.

"Haloo," ilisema sauti ya puani, ikihema.

"Shikamoo, mzee," alisema Waziri.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesoma maoni yako. Sijapata kuona mtu anayeijua Redio hii kama wewe. Nimeamua uwe Mkurugenzi."

"Hapana!" Sauti ilitoka puani, ikakumbuka, ikarudi. "Hapana, mwanangu. Aliyepo anatosha. Hodari, mchapakazi, hana mfano."

"Mnasikia?" Waziri aliwaambia watu wa ukumbini. "Anamsifu mtu anayekwenda kumtoa kitini! Watu wa moyo huu wamekwisha."

"Sikusoma mimi, Mheshimiwa."

"Hata aliyepo vyeti vyake tuliviona, tukaamua kunyamaza."

Mama Laini aliziba mdomo kwa kiganja.

"Basi... mimi ni mgonjwa. Miguu. Siwezi kufika kazini."

"Basi ongoza kwa simu. Au nitume gari la polisi likulete kwa heshima zote?"

"Kwa simu," ilisema pua haraka. "Kwa simu inatosha."

"Vizuri. Mpokea simu, wewe ndiye unayejua anakopatikana?"

"Mimi tu, Mheshimiwa."

"Hapa ripoti inasema uondolewe."

"Nimepata barua."

"Ichane. Mtu anayempata Mkurugenzi haondolewi."

Ukumbini wakapiga makofi. Mkurugenzi aliingia akijifuta mikono aliyokuwa hajanawa, akapiga makofi na yeye, kisha akauliza kuna nini. Waziri akamweleza kwamba atapangiwa kazi nyingine.

Hiyo kazi nyingine haijapangwa mpaka leo. Hasara ya mambo haya yote ni hii. Mkurugenzi wa zamani alipoteza kiti, gari, dereva, katibu muhtasi na nafasi ya kuegesha kivulini. Kila siku ya kazi aliingia kwa mlango wa nyuma, akajifungia katika stoo ya mifagio ambako namba moja ilihamishiwa, akaongoza Redio kwa pua hadi saa tisa na nusu, bila mshahara, kwa kuwa Mzee Mstaafu hana kitambulisho. Mratibu alipoteza msikilizaji wake bora, maana mtumishi wa Redio haruhusiwi kupiga simu kwenye vipindi. Mama Laini hakupoteza kazi. Alimaliza miezi yake kumi na moja. Ilimgharimu saa ya chakula katika siku mia mbili na thelathini, na vikombe mia mbili na thelathini vya chai, alivyompelekea mwenyewe stoo, maana Mkurugenzi hakuweza kutoka akaonekana.