Tumbo la Mkwe na Tunda la Mbeli

Jumatano, 2 Oktoba

Nimeamka na wazo. Nikamwambia Zita. Akasema mawazo yangu yanampandisha homa, akaendelea kupepeta maharage. Ndiyo wanawake hao!

Suala ni bonde. Baba mkwe, Mzee Flavian wa Kaengesa, ana bonde lenye maji mwaka mzima, na mgongo haumruhusu tena kulilima. Ana mabinti wawili tu: Zita, mke wangu, na Lydia, mke wa Evans. Jumapili ya tarehe 13 Mzee na mama mkwe wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Baada ya misa atatangaza bonde linakwenda kwa mkwe gani. Mimi, Christopha, au mwanyumba wangu Evans.

Evans! Ana pikipiki, ana meno meupe, na kila akienda ukweni anabeba sukari. Anataka kupanda parachichi. Siku hizi ukimpiga mtu kofi Sumbawanga anaangusha miche ya parachichi.

Zita amenong'onezwa na mama yake kwamba Mzee ananielekea mimi, kwa sababu ni mpole. Basi Zita kanikalisha kitako. Kasema amechoka kulima vipande vya kukodi, kila akishatengeneza udongo mwenye shamba anakuja kumfukuza. Analitaka lile bonde kuliko kitu chochote. Hataki msaada wangu. Anataka nitulie mpaka tarehe 13, nisifanye jambo lolote. Lolote!

Nimemwahidi. Nitatulia kabisa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimeshindwa.

Lakini si kosa langu. Nilipita tu kwenye yadi ya Mahmud, mwenye malori yanayokwenda Kasesya, nikakuta makelele. Yadi ile zamani ilikuwa ya Mhindi mmoja, naye aliacha mti uani, mrefu, wenye miiba kama sindano ya kushonea magunia. Matunda yake ni ya mviringo, yana ganda gumu kama ubao. Moja limeanguka jana juu ya lori na kupasua kioo cha mbele. Mahmud anataka shoka. Mama yake, Bi Mwanaheri, amesimama mbele ya mti na kanga yake, kasema akatwe yeye kwanza.

Nikamwamkia shikamoo. Akafurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Kasema Mhindi aliliita tunda hilo beli, mti wenyewe mbeli, na ni dawa. Beli la kijani unalikata vipande, unakausha, unachemsha: linafunga tumbo linaloharisha. Beli lililoiva, la njano, unachota nyama yake, unachanganya na maji: linafungua tumbo lililofunga. Kikombe kidogo tu, akasisitiza, na mtu mwenye hali mbaya aende hospitali.

Mti mmoja, dawa mbili zinazopingana! Nikahisi nywele zinanisimama. Parachichi linafanya nini? Linakaa kwenye sahani.

Nimeuliza unazaa baada ya muda gani. Kasema miaka saba, pengine zaidi. Mimi nakadiria mitatu. Wazee hupenda kutia chumvi.

Mpango: kumwonyesha Mzee mti huu kabla hajatangaza. Bonde lote mbeli. Mkwe mwenye maono!

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimepanda mbegu. Zimefungwa kwenye gundi inayonata vibaya sana; nimeziosha, kisha nikajiosha, kisha nikaosha kitasa cha mlango. Bi Mwanaheri kasema zisikae kwenye maji yaliyotuama. Kwa hiyo nimepanda kwenye sufuria kubwa ya ugali na kuitoboa matundu kwa msumari.

Zita kauliza sufuria iko wapi. Nimesema iko kwa majirani. Si uongo mkubwa, iko karibu na ukuta wao.

Jioni mama mkwe kapiga simu. Mzee tumbo linamsumbua. Nikasikitika sana. Halafu nikafurahi, nikajificha nyuma ya pazia Zita asinione usoni. Mungu hunipenda jamani!

Ila kuna tatizo. Linasumbua kwa upande gani? Limefunga au limefunguka? Nimemuuliza Zita. Kanitazama kama nimetukana. Kasema yeye binti hawezi kumuuliza baba yake habari za choo, na mama yake alikuwa ameweka spika, sebuleni kumejaa wanakamati wa jubilei. Na mimi mkwe ndiyo kabisa. Mkwe anauliza habari za mvua, za ng'ombe, za safari. Hukijui choo cha baba mkwe wewe. Kwako wewe Mzee Flavian hana choo.

Kisha kanishika mkono, kaniambia Christopha, tulia.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimefanya uchunguzi. Kwa akili, bila kuvunja heshima.

Baada ya misa nimempigia shemeji Lydia, ambaye yuko kwao Kaengesa kusaidia maandalizi. Nimeuliza habari za mvua. Nimeuliza ng'ombe. Halafu nikauliza, kama mzaha, kama Mzee siku hizi anapatikana nyumbani. Lydia kasema haonekani, kila baada ya muda mfupi anakwenda nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba! Kila mara! Basi anaharisha. Hata daktari angesema hivyo. Dawa ni beli la kijani.

Bi Mwanaheri kanipa vipande vikavu kutoka kwenye kopo lake. Kauliza kama nina hakika tumbo linakwenda. Nimemwambia nina ushahidi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekwenda Kaengesa na chupa ya chai imejaa. Zita anajua nimekwenda kusaidia kupanga viti.

Nimechutama, nimemwamkia Mzee. Anaonekana mnyonge, anakaa upande upande. Nimemwambia nimeleta kinywaji cha heshima kwa ajili ya jubilei. Mzee naye hawezi kukataa zawadi ya mkwe mbele ya watu, wala hawezi kuuliza ni ya nini. Kanywa. Kakunja uso. Kasema ahsante, baba. Nimemwachia chupa yote na kumsisitiza amalize leo na kesho.

Evans kafika na sukari. Kilo mbili tu. Nikatabasamu.

Jumatano, 9 Oktoba

Ushindi! Lydia kasema Mzee haendi tena nyuma ya nyumba. Amekaa tu kwenye kiti, kimya, anatazama ukuta. Hata chakula amekataa.

Anatafakari bila shaka. Mtu akipona hutafakari. Nimepima kichwani bonde litachukua miti mingapi. Mingi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Balaa. Yesu na Maria!

Zita kaingia kama upepo wa Agosti. Mama yake hatimaye amemweleza Lydia jikoni, Lydia kamweleza Zita: Mzee hakuwa anaharisha. Alikuwa amefunga choo. Alikwenda nyuma ya nyumba kila mara kujaribu bahati yake, akirudi mikono mitupu. Angalau alikuwa anajaribu! Tangu Jumatatu, baada ya kinywaji cha heshima cha mkwe Christopha, amekata tamaa.

Zita hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Kasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa ameshaliona bonde kabisa, hata mahali pa kuweka jembe akipumzika. Kisha machozi yakamtoka, akayafuta na upande wa kitenge, akaenda kuteka maji ambayo tulikuwa nayo.

Nimejisikia vibaya. Kweli kabisa, nimejisikia kama mbwa aliyekula kuku wa mwenye nyumba. Nikakaa kwenye ngazi na kuwaza nitarekebishaje.

Jawabu liko wazi. Beli la njano!

Jumamosi, 12 Oktoba

Bi Mwanaheri kakataa kwanza. Kasema mzee apelekwe zahanati. Nimemwambia amekataa, kasema hafi kabla ya jubilei na wala hamtajii nesi mambo yake. Ndipo akanichagulia beli moja lililoiva, akarudia: kikombe kidogo, asubuhi, na asiwe na safari.

Kikombe kidogo! Kwa tumbo lililofungwa na vipande vyangu vya siku mbili? Hesabu inakataa. Nimeokota mengine matatu chini ya mti, Mahmud mwenyewe kanisaidia, anataka yaishe. Nimeyapasua kwa nyundo. Ndani ni rangi ya chungwa, yananukia kama marashi ya harusi. Nimetengeneza jagi zima.

Jumapili, 13 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Saa moja asubuhi nilimkuta Mzee kwenye kiti chake, amevaa suti ya jubilei, amekunja uso. Nikamimina. Akaniangalia muda mrefu, kama mtu anayeangaliana na ng'ombe aliyewahi kumpiga teke. Lakini wanakamati wapo, watu wa jumuiya wapo. Kanywa. Kasema, kumbe hii tamu. Kaomba tena! Nikamimina. Kaomba tena.

Evans hakustahimili kuona Mzee ananisifu. Akachukua bilauri, akanywa, akasema sharubati ya kawaida, hata yeye angeweza kutengeneza. Akanywa ya pili ili kuthibitisha. Akanywa ya tatu kwa wivu. Sikumzuia. Mtu mzima yule.

Misa ikaanza saa tatu. Kanisa limejaa, kwaya imevaa sare mpya. Evans kasoma somo la kwanza. Katikati sauti yake ikapanda juu kama ya mtoto. Akaruka mistari, akasema hilo ni Neno la Bwana kabla somo halijaisha, akashuka, hakurudi kwenye benchi. Akatoka kwa mlango wa pembeni, hatua fupi fupi.

Nilicheka moyoni. Mungu anisamehe.

Kisha ahadi za ndoa. Padre akamuuliza Mzee kama, baada ya miaka hamsini, bado anampokea Kristiana kuwa mke wake. Mzee akafungua mdomo. Akafumba. Akamwambia Padre asubiri kwanza. Akaondoka.

Alikimbia! Mzee wa mgongo mbovu, na suti, mbele ya watu wote. Kwaya ikadhani ni ishara, ikaanza kuimba. Mama mkwe akabaki peke yake na shada la maua. Akamwambia Padre amemsubiri mtu huyu miaka hamsini, atasubiri na sasa. Kanisa likaangua kicheko, lakini Zita hakucheka. Alinitazama tu.

Nikatoka mbio na kopo la maji, nikidhani nitasaidia. Nyuma ya kanisa vyoo viko viwili. Kimoja kimefungwa, ufunguo anao katekista, na katekista anaimba. Cha pili yuko Evans. Na mlangoni yuko baba mkwe, anagonga kwa ngumi mbili, anaamuru aliyemo atoke. Evans ndani anajibu kwa sauti ya kufa kwamba hawezi, Baba, shikamoo Baba, hawezi.

Kumwamkia mkwe ukiwa mahali pale! Sijawahi kusikia aibu kama hiyo tangu nizaliwe.

Mzee akanigeukia. Akaona kopo. Akalinyakua, akaingia kwenye mahindi ya jirani, mabua makavu ya msimu uliopita, yasiyoficha kitu. Nikageuka nikatazama mlima kwa heshima zote.

Bonde halikutangazwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tumeitwa. Mimi na Evans tumekaa kwenye mkeka kama wezi wa kuku. Evans amekonda kwa siku moja. Mama mkwe amefunika mdomo kwa kitenge, mabega yanamcheza.

Mzee alikuwa mchangamfu ajabu. Kasema tumbo lake jepesi kama la kijana, kalala usiku kucha, kala ugali wa ulezi asubuhi mara mbili. Nikainua kichwa. Kasema nisiinue kichwa.

Kisha kasema hivi. Alitaka kunipa mimi bonde, kwa sababu aliambiwa ni mtu mtulivu. Sasa ameuona utulivu wangu. Evans naye hawezi kumpa. Kila akimtazama anasikia ile shikamoo kutoka chooni. Kwa hiyo bonde analigawa kati: nusu ya Zita, nusu ya Lydia, kwa majina yao wenyewe. Wakwe tutaingia kwa ruhusa ya wake zetu, tukiwa na jembe. Chupa hairuhusiwi.

Zita akapiga magoti, akashika mikono yote miwili ya baba yake. Mzee naye machozi yakamlengalenga. Kasema angempa zamani, ila alidhani lazima apewe mwanaume, na wanaume wenyewe sasa amewaona.

Zita kaimba njia nzima ya kurudi. Kaniambia nimesamehewa, kwa sharti moja: nisifanye lolote mpaka Mzee aje kuonyesha mpaka. Nimemwahidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimelitazama jambo hili kwa utulivu na nimegundua kwamba nilishinda. Nani aliyeleta bonde nyumbani? Dawa yangu. Mzee amepona au hakupona? Amepona. Mambo mengine ni ya ratiba.

Jumamosi wazee wanakuja kuonyesha mpaka wa nusu ya Zita. Kabla mpaka haujawekwa, bonde bado ni la Mzee, na Mzee anaweza kubadili mawazo; Zita kanikumbusha hilo leo mara nne, bila kuulizwa.

Mchana shemeji Lydia kapiga simu. Kasema tangu chakula cha jubilei mama mkwe hajisikii vizuri tumboni. Nilitaka kuuliza zaidi, ulimi ukagoma. Baba mkwe tu sikuweza, sembuse mama mkwe!

Lakini safari hii sibahatishi. Nimekaa uani karibu na sufuria, ambayo haijaota chochote, nikafikiri mpaka jua likazama. Kosa langu lilikuwa kuchagua. Kwa nini mtu achague? Nimechemsha beli la kijani, nimekoroga beli la njano, nimemimina yote kwenye chupa moja na kutikisa vizuri. Dawa ikishafika ndani itaangalia yenyewe hali ilivyo.

Zita amelala, anatabasamu usingizini. Sitamwambia. Nataka Jumamosi iwe zawadi ya kumshangaza.