Lori la Maziwa Lisilotaka Kung'aa

Jumatatu, 7 Julai

Sumayiya amepaka uji kwenye tangi la lori langu sasa hivi, kisha akajipigia makofi. Sikumgombeza. Ana mwaka mmoja na nusu, na kusema kweli uji umelipendeza kuliko rangi yangu.

Ni lori dogo la maziwa, la mfano. Tangi ni chupa ya maji, lakini lazima lionekane bati tupu, kama matangi ya malori yanayotoka Mbarara. Siraje, muuza spea hapa Nateete, ana nafasi moja kwenye kabati lake la kioo. Jumamosi atachagua: lori langu au basi la mfano la Blaise, mshindani wangu. Madereva wote hupita pale. Nikipata nafasi, oda zitanifuata nyumbani. Sitamwacha tena mtoto nikafue nguo za watu.

Leo nimemwonyesha Siraje. Akasema hiyo ni rangi ya geti. Blaise, aliyekuwa pale, akauliza kama tupige hodi. Ana meno mengi akicheka.

Jumanne, 8 Julai

Foili. Mama mkwe kaiweka ya kufunikia keki ya harusi ya wifi. Nilikata shibiri mbili tu, nikalivisha tangi. Ikajikunja kila mahali. Likawa samaki wa kuchoma, mwenye magurudumu.

Mama akauliza nani kagusa foili. Nikamtazama Sumayiya. Mama naye akamtazama, akambusu. Nilijisikia vibaya kidogo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempelekea Blaise chapati mbili anipe siri. Akasema bila kusita: Mama Sumayiya, anza na rangi nyeusi ya kung'aa, iache siku nzima ikauke, ndipo upulize rangi ya fedha kidogo sana, na usiiguse.

Hapo nikajua ananidanganya. Siri ya kweli kwa chapati mbili? Nyeusi nimepaka, nisije nikakosa. Kungoja sikungoja, nikapuliza fedha hapo hapo. Limetoka kama mgongo wa kikaango.

Ijumaa, 11 Julai

Sisi tumelelewa kusugua sufuria mpaka mgeni aone uso wake. Kwa nini sikufikiri mapema? Majivu na waya. Nimesugua tangu adhuhuri. Fedha imetoka, nyeusi imetoka. Sasa ni chupa ya maji, yenye tundu.

Jumamosi, 12 Julai

Alfajiri nililipulizia fedha tena juu ya mikwaruzo. Siraje alilizungusha polepole. Akasema kweli dada, ni bati, ila limepinduka mtaroni. Nafasi kapewa Blaise. Nilijiona kwenye basi lake, nimenuna.

Nikamwuliza alifanyaje. Akasema, si nilikuambia Alhamisi? Bado anaficha.

Siraje alinihurumia: nikileta jingine Jumatatu, atasogeza basi kidogo. Nimefikiri njia nzima. Kosa langu ni moja tu, kuigiza bati wakati bati liko jikoni. Kifuniko cha sufuria kubwa ya Mama kinalishinda hata basi la Blaise kwa kung'aa. Nitakata ukingoni tu, hataona. Nimeshapima na kuchora mstari kwa kalamu, mkasi wa bati nimeazima. Na akiuliza, Sumayiya bado hajui kujitetea.

Mama ananiita kutoka jikoni, anataka kujua nani kachora kalamu kwenye—