Mzee Masatu Alikalia Intaneti

Jamani, leo nimeaibika mbele ya jumuiya nzima na mbele ya watu wawili wa Dar es Salaam, kwa wakati mmoja. Nimejifungia chumbani. Naandika taratibu ili moyo utulie.

Nianze mwanzo, maana mimi siwezi kuanzia katikati hata nyumba ikiungua.

Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa kutazama video na kwa kuharibu. Sina cheti. Kwa hiyo kampuni moja ya huduma za intaneti iliponiandikia kwamba nimechaguliwa kufanya usaili, sikulala vizuri. (Kusema kweli hata kabla ya hapo sikuwa nikilala vizuri, ila sasa nilikuwa na sababu.) Kazi yenyewe ni ya kusaidia wateja. Mteja anapiga simu, analalamika intaneti inakatika, wewe unamtuliza na kumwelekeza mpaka irudi. Usaili ungefanyika kwa video, leo Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Sasa, intaneti ya kwetu inakatika.

Tunaishi Bugarika, juu kwenye mawe. Nyumba yetu imejificha nyuma ya jiwe kubwa kuliko yenyewe, na mtandao wa simu unaupata ukisimama uani karibu na kamba ya nguo, tena ukiwa umegeukia ziwani. Ndiyo maana tuliweka intaneti ya waya. Rauta, kile kiboksi chenye taa, iko sebuleni karibu na televisheni. Waya unatoka hapo, unakatiza sebule, unaingia chumbani kwangu kwenye kompyuta.

Huo waya niliupitisha mimi. Niliununua mjini, nikabana vichwa vyake kwa mkono wangu, nikaupitisha chini ya zulia usionekane, kwa sababu Mama alisema hataki sebule yake igeuke kibanda cha fundi redio. Zulia likatoa kivimbe kidogo. Kidogo sana. Hakuna mtu mwingine aliyekiona, lakini mimi nilikiona kila nilipopita. Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikasogeza kochi kubwa la Baba mpaka mguu wake ukakaa juu ya kile kivimbe, nacho kikalala. Nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikatazama. Sebule ilipendeza! (Nilipiga na picha.)

Intaneti ikaanza kukatika. Hasa jioni, na Jumapili karibu kutwa nzima. Nikajiambia, ni kwa sababu watu wametoka kazini, wote wanaitumia. Nikabadilisha mipangilio. Nikafuta programu na kuziweka upya. Nikaisafisha kompyuta kwa mswaki mpya. Nikaizima na kuiwasha rauta mpaka Mama akaniuliza kama ina degedege. Kitu pekee ambacho sikukigusa ni waya. Ningeugusaje? Niliupitisha mwenyewe, na ulikuwa umenyooka.

Halafu likaja suala la jumuiya, yaani majirani tunaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba.

“Mama, Jumamosi hii jumuiya ni kwa nani?”

“Kwetu.”

“Haiwezi kuahirishwa?”

“Kuna msiba?”

“Kuna usaili wangu.”

“Wa kwenye kompyuta?”

“Ndiyo.”

Mama akaendelea kuchambua mchele. Nikaelewa kwamba nimeshajibiwa.

Leo asubuhi nilikuwa nimejiandaa kupita kiasi. Blauzi niliipiga pasi mara mbili. Nyuma ya kiti changu nilitundika shuka jeupe ili wanaonisaili wasione kabati. Nikajipa moyo kwamba hadi saa tatu wanajumuiya watakuwa wameshatawanyika.

Nilimsahau Mzee Masatu.

Mzee Masatu ndiye mwenyekiti wetu. Miaka mingi alifanya kazi kwenye kivuko cha Kigongo, akiyapanga malori yakae sawa, na mpaka leo anaongea kama mtu anayeshindana na injini. Ni mtu mkubwa, wa urefu na wa upana, na hajawahi kumaliza jambo lolote kwa haraka. Alipoingia tu Baba akainuka akampisha kwenye kochi lake, kama inavyostahili. Wengine wakajaa kwenye viti vya kuazima mpaka kwenye kizingiti cha chumba changu. Mlango haukuweza kufungwa. Kati yangu na jumuiya likabaki pazia tu.

Saa tatu ilipofika walikuwa wamesimama, kila mtu akitoa ombi lake. Nikavaa hedifoni, nikajiunga. Picha ikaja safi kabisa. Wakatokea wawili: Dada Salma, mpole, mwenye miwani, na Kaka Edwin, mwenye sauti nzito kama ya mtangazaji wa mpira.

“Karibu Veronika,” akasema Dada Salma. “Hizo sauti ni za nini?”

“Ni majirani, wanasali. Wanamalizia.” (Hawakuwa wanamalizia. Nimedanganya huku watu wanasali mita chache kutoka kwangu. Nalijua hilo.)

“Haya, swali jepesi la kuanzia,” akasema Kaka Edwin. “Mteja anapiga simu, anasema intaneti yake ya waya inakatikakatika. Hatua ya kwanza utamwambia afanye nini?”

Swali hili nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, pamoja na tabasamu lake.

“Asante kwa swali zuri. Kwanza kabisa nitamwomba afungue mipangilio ya kompyuta yake, kisha…”

“Tuketi kwa matangazo!” Mzee Masatu alinguruma sebuleni.

Kochi likalia kriii. Dada Salma akaganda mdomo wazi. Kwenye pembe ya skrini ikatokea alama nyekundu.

Nilifanya kila ninachokijua. Hakuna kilichosaidia. Na matangazo hayakuwa mafupi: Mama Kulwa ametoka hospitali, nani wataenda kumwona, atapelekewa nini. Mmoja akapendekeza sato wa kuchemsha. Mwingine akasema mgonjwa asihangaishwe na miba. Wa tatu akauliza tangu lini sato akawa na miba ya kumhangaisha mtu mzima. Walilijadili hilo kwa undani, na mimi kazi yangu ikawa inazama polepole nyuma ya pazia.

“Tusimame tufunge kwa sala.”

Kriii. Dada Salma akafumba mdomo wake.

“Tulikupoteza, Veronika.”

“Samahani sana. Ni… ni mtandao.”

“Usijali. Ulikuwa unasema mipangilio.”

Lakini akili yangu haikuwa tena kwenye mipangilio. Kochi lilipolia, alama nyekundu. Lilipolia tena, picha safi. Nikamkumbuka Baba, ambaye kila jioni hukaa kwenye kochi lile kuangalia taarifa ya habari. Jumapili akitoka kanisani hukaa hapo mpaka giza liingie. Nikaukumbuka mguu wa kochi. Nikakikumbuka kile kivimbe.

“…la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu,” sebuleni wakamaliza. “Amina.”

“Haya, tuketi,” akasema Mzee Masatu. “Chai inakuja.”

Niliruka. Hedifoni zikachomoka kwenye kompyuta, zikabaki kichwani waya wake ukining’inia kifuani. Nikafunua pazia.

“Mzee Masatu, usikae!”

Naomba mnielewe. Kwetu mgeni akifika neno la kwanza ni karibu kiti. Hata adui anapewa kiti kwanza, ugomvi baadaye. Sijawahi kumsikia mtu akimkataza mzee kukaa, tena mzee aliyekuwa ameshaanza kushuka. Mzee Masatu alikwamia katikati: magoti yamekunjika, mikono imeshika kochi, macho yananitazama mimi.

“Vero!” Hiyo ilikuwa sauti ya Mama, birika mkononi.

“Shikamoo, Mzee,” nikasema, maana ndicho kilichokuja mdomoni.

“Marahaba. Kwa nini nisikae?”

Kabla sijajibu, spika za kompyuta zikajibu kwa niaba yangu. Kutoka chumbani kwangu, kwa ile sauti nzito, nzuri, ya kiume:

“Veronika? Mbona umeondoka? Rudi basi, tunakusubiri.”

Jumuiya nzima ikageukia pazia.

Mwanaume. Chumbani kwangu. Asubuhi. Siku ya jumuiya.

Mama Anastazia, jirani tunayepakana naye ukuta, aliyekuwa karibu na kizingiti, akajivuta mbali na pazia na papo hapo akachungulia ndani. (Sijui aliwezaje kufanya yote mawili.) Baba akawa anaangalia dari. Mama akaliweka birika chini polepole mno.

“Vero. Ni nani huyo?”

“Ni Kaka Edwin, Mama.”

“Kaka yako kwa nani?”

“Wa usaili, Mama! Wa kwenye kompyuta!”

Mzee Masatu akajinyoosha wima, akakohoa, akatoa ile sauti ya kivukoni. “Wewe kijana uliyemo humo ndani! Toka tusalimiane!”

Spika zikasema kwa unyenyekevu:

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Toka.”

“Siwezi, Mzee. Niko Dar es Salaam.”

Hapo Dada Salma akashindwa, akacheka kwa sauti.

“Na mwanamke naye yumo?” akauliza Mama Anastazia.

Nikaeleza. Sijui nilieleza kwa mpangilio gani. Nilitaja kivimbe, nikataja zulia, nikaomba radhi mara nyingi, mwishowe nikasema, “Mzee, ukikaa unakalia intaneti. Waya uko chini ya mguu wa kochi. Niliuweka mimi.”

Baba akaacha kuangalia dari. “Kwa hiyo siku zote hizi ulizokuwa unalalamika, aliyekuwa anaikata ni mimi?”

“Ni wewe, Baba. Lakini kosa ni langu.”

Vijana wawili wakasogea kulinyanyua kochi. Mzee Masatu akawazuia kwa mkono, kama anazuia lori. “Msiguse! Mkiukata je? Mtoto amalize kwanza.”

Akabaki amesimama. Na mzee akisimama, nani atakaa? Jumuiya nzima ikabaki wima, na Mama akawagawia chai hivyo hivyo. Waliokosa nafasi ya kuona vizuri wakasogea mlangoni kwangu. Waliokuwa mlangoni wakaingia.

Nikarudi kwenye kiti. Hedifoni sikuzichomeka tena. Kwenye ile picha ndogo inayokuonyesha wewe mwenyewe, nilijiona: blauzi imenyooka, uso umelowa. Nyuma yangu, mbele ya shuka langu jeupe, zilipangana nyuso na vikombe. Mzee Masatu alikuwa juu ya wote, anapuliza chai.

Dada Salma alikuwa anafuta miwani. “Karibu tena, Veronika. Na karibuni wote. Turudi kwenye swali. Mteja anasema intaneti yake ya waya inakatikakatika. Hatua ya kwanza?”

Nikafungua mdomo.

“Aangalie waya!” jumuiya ikaitikia nyuma yangu, kwa sauti moja, kama amina.

“Na aangalie nani kaukalia,” akaongeza Mzee Masatu.

Kaka Edwin akaandika kitu. “Jibu ni sahihi,” akasema. “Ila sijui niliandike kwa jina la nani.”

Baada ya hapo sikuwa na cha kuficha. Waliniuliza udhaifu wangu ni upi. Nilikuwa na jibu zuri la kukariri kuhusu hilo, nikaliacha. Niliwaambia kwamba nilikagua kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa kazi ya mikono yangu, kwa sababu niliona haya kuifikiria kuwa imekosewa. Na kwamba nikiona kitu hakijanyooka nakinyoosha mpaka kinaharibika. Nyuma yangu Mama akasema “kweli kabisa,” bila kuulizwa. Dada Salma akanitazama kidogo, akasema watanijulisha.

Skrini ilipozimika ndipo kochi lilipoinuliwa. Waya ulikuwa umebonyea, bapa kama utepe. Nimeutoa chini ya zulia, sasa unapita juu, pembeni mwa ukuta, unaonekana na kila mtu. Si mzuri hata kidogo. Intaneti haijakatika tangu hapo.

Mzee Masatu alikaa hatimaye, akapewa chai nyingine, nikapiga goti kumwomba msamaha. Akasema hana kinyongo, kuna siku aliwahi kumzuia mkuu mmoja asishuke kwenye gari kivuko kikiwa katikati ya maji, wala yeye hakumsalimia mkuu huyo kwanza. Mama hajanikaripia. Watu walipotawanyika aliniuliza swali moja tu, huku anakusanya vikombe: “Huyo Edwin ameoa?”

Majibu ya kazi bado. Mzee Masatu ameshapiga simu mara mbili mchana huu. Haulizi habari za nyumbani, hasubiri shikamoo. Anasema, “Vipi, tumepata?”

Tumepata! Jumuiya nzima imefanya usaili. Nikikosa, tutakuwa tumekosa wote, na Jumamosi ijayo ni mimi nitakayesimama kwenye matangazo kuwaeleza tulikosea wapi. Kwa hiyo naombeni msicheke. Mama Anastazia anacheka tangu asubuhi, namsikia kupitia ukuta, anawatosha wote.