Jogoo Niliyemwacha Mbele ya Altare

Wenzangu, leo nimejiaibisha mbele ya parokia nzima hapa Butembo. Parokia nzima, na wageni juu yake! Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana niliona jinsi simu zilivyoinuliwa.

Asubuhi niliamka mapema, kwa sababu leo ilikuwa zamu ya shirika letu kupeleka matoleo kwenye Misa. Mimi nilipangiwa kuku. Nikamchagua jogoo wangu mwekundu, mwenye hasira tangu azaliwe. Nikamfunga miguu kwa kamba ya mgomba. (Ikumbukeni hiyo kamba.) Kisha nikafanya kile ninachokifanya kila asubuhi kwa kujificha: nikavuta mkebe kutoka chini ya kitanda, nikachota karatasi moja.

Mkebe huo lazima niueleze, la sivyo mtanicheka bila kuelewa.

Ni mkebe wa maziwa ya unga, umeshika kutu pembeni. Ulikuwa wa baba. Kule Lubero, tulipokuwa watoto, baba alikata karatasi za madaftari yetu ya zamani, akaandika kwenye kila moja jambo moja ambalo Maandiko yanatuomba tufanye. Si kusoma tu. Kufanya. Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mashamba ya viazi, mtoto mmoja anachota, anasoma kwa sauti, na siku hiyo lazima alitimize. Jioni tumezunguka moto, tunangoja viazi viive majivuni, na baba anauliza, "Neno yako ya leo, ulifanya nayo nini?" Ukijibu vizuri, unaandika jibu lako nyuma ya karatasi, nayo inarudi mkebeni.

Dada yangu mkubwa, Masika, siku moja alichota ile ya mwenye nguo mbili kumpa asiye nayo. Akampa mwenzake wa shule sweta yake, akarudi nyumbani anatetemeka. Baridi ya Lubero mnaijua. Baba hakumgombeza. Alimvika koti lake mwenyewe, likamfika miguuni, akaenda nalo shule mpaka likizo.

Mimi nilichota ile ya kugeuza shavu la pili. Jioni baba akaniuliza.

"Niligeuza, papa."

"Na kisha?"

"Kisha nikamupiga."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia yake. Jamani, ningetoa hata shamba nikisikie kicheko kile tena.

Baba alipofariki, mkebe ulibaki kwangu. Wakati huo niliishi Beni. Masika, aliyeolewa hapa Butembo, akauomba. Na mimi, mtu mzima, mama wa watoto wanne, nikamdanganya. Tulipohama Beni mbiombio na kuja huku, nilimwambia mkebe umepotea njiani. Masika aliulilia kama alivyomlilia baba. Nami nikamfariji! (Naam. Mimi huyuhuyu.) Kisha siku moja sokoni karatasi ikaanguka kutoka mkobani mwangu. Masika akaiokota, akautambua mwandiko, akanirudishia, akaenda zake. Tangu hapo, miezi minane, hatujasemezana. Tunasali kanisa moja, kila mmoja anatokea mlango wake.

Sasa turudi leo. Karatasi niliyochota, kwa mwandiko wa baba uliolala upande, ilisema hivi: "Umeleta sadaka, na ndugu yako ana neno juu yako? Iache mbele ya altare. Nenda kwake kwanza."

Nikamwangalia jogoo. Jogoo akaniangalia.

Nikaitia ile karatasi kwenye mkanda wa kikwembe, nikaenda kanisani. Leo pia ilikuwa sikukuu ya kundi la kina mama, kwa hiyo kina mama wote walivaa kikwembe kimoja cha bluu na kitambaa kimoja cha kichwani, pamoja na wageni waliotoka parokia nyingine. (Hilo nalo likumbukeni.) Masika hukaa benchi la tatu, karibu na nguzo. Amekaa hapo miaka yote. Nikatupa jicho kwa mbali: kikwembe cha bluu, benchi la tatu, nguzo. Basi, yupo.

Ngoma za matoleo zikaanza. Tukaingia tukicheza, hatua mbili mbele, hatua moja nyuma. Mbele yangu mama mwenye mkungu wa ndizi, nyuma yangu mama mwenye kitunga cha viazi. Nilikuwa nikijiambia, Kavira, ukifika pale usipofanya leo, hutafanya tena. Baba angekuuliza jioni, nawe ungejibu nini?

Nikafika mbele ya padri. Akanyoosha mikono kupokea. Mimi sikumpa. Nilimweka jogoo chini, mbele ya altare kama ilivyoandikwa, nikageuka, nikaanza kurudi kinyume cha maandamano.

Mikono ya padri ikabaki hewani. Mama mwenye kitunga cha viazi hakunitegemea. Tuligongana, viazi vikamwagika, vikatembea mpaka kwa wanakwaya. Sikusimama! Nilikuwa nimeshaanza kulia, macho sakafuni. Nikafika benchi la tatu, nikaona kikwembe cha bluu, nikapiga magoti, nikayakumbatia magoti ya dada yangu. Kwa kuwa ngoma zilikuwa zinalia kwa nguvu, ilibidi nipige kelele.

"Unisamehe, dada yangu! Nilikudanganya! Mukebe ya papa haikupoteaka! Iko chini ya kitanda yangu! Kila asubuhi niko nachota mwenyewe, sawa muizi!"

Kumbe kamba ya mgomba ilikuwa imefunguka. Kumbe jogoo alikuwa ameruka juu ya ngoma kubwa, mpigaji akakimbia, na ngoma zikanyamaza zote pale niliposema "haikupoteaka". Yaliyofuata yalisikika mpaka nje, kwa wauza ndizi.

Mkono ukanigusa kichwani polepole.

"Simama, mama. Miye nimekusamehe kabisa. Lakini miye natoka Kanyabayonga."

Nikainua uso. Mama mmoja mzee, mpole, sijawahi kumwona tangu nizaliwe. Ananifuta machozi kwa ncha ya kikwembe chake.

Na hapo, wenzangu, jogoo aliyekuwa sasa amesimama juu ya meza ya masomo, akawika. Akawika vizuri, kwa sauti ndefu, muda uleule ambao mtu amemaliza kukiri uongo wake mbele ya watu. (Mtakatifu Petro, wewe peke yako unanielewa.) Kanisa likapasuka kwa kicheko. Padri akashika kipaza sauti, akasema, "Bandugu, tungoje kidogo. Uyu naye iko na mahubiri yake."

Nilitamani sakafu ifunguke.

Ndipo nikamwona Masika. Leo alipangwa kuwakaribisha wageni, kwa hiyo alisimama mlango wa pembeni tangu Misa ianze. Kiti chake alikuwa amemwachia mgeni. Alipanda mbele, akamzunguka jogoo kwa nyuma, akamkamata mabawa kwa mkono mmoja, vilevile tulivyokuwa tukifanya Lubero. Akashuka naye katikati ya kanisa mpaka pale nilipopiga magoti.

"Kavira. Iyi kuku ni ya weye?"

Miezi minane! Na hilo ndilo neno la kwanza.

"Ni yangu, yaya," nikamwita kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

"Mpaka leo haujajua kufunga kuku?"

"Sijajua."

Yule mama wa Kanyabayonga akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Kumbe ni uyu njo dada yako? Basi, rudilia yote. Ukisahau, nitakusaidia, miye niliisha kushika."

"Hapana rudilia," Masika akasema. "Nilisikia. Kanisa yote ilisikia." Kisha akaninyooshea yule jogoo. "Kamata miguu. Twende utoe sadaka yako."

Tukapanda wote wawili, mimi nimeshika miguu, yeye ameshika mabawa. Watu wakapiga vigelegele. Padri alikuwa bado anangoja.

Baada ya Misa Masika alikuja kwangu, pamoja na mama wa Kanyabayonga ambaye alikataa kwenda bila kuuona huo mkebe. Nikautoa chini ya kitanda. Masika akaupakata kama mtoto, akanusa ndani, akasema bado unanuka moshi wa nyumbani. Nikamwambia, uchukue, ni wako sasa. Kisha nikatoa kikwembeni ile karatasi ya leo, nimrudishie. Asubuhi, kwa haraka, sikuwa nimeigeuza.

Masika ndiye aliyeigeuza. Nyuma yake palikuwa na mwandiko wa mtoto, herufi kubwa zinazopanda mlima. Mwandiko wake mwenyewe: "Nimemuomba Kavira msamaha. Nilikula kiazi chake, nikamudanganya kiliunguaka."

Alisoma mara mbili. Halafu akacheka. Akacheka mpaka akavua kitambaa cha kichwani na kujifuta machozi nacho, na mimi nikabaki nimesimama, nywele zimenisimama pia, kwa sababu kicheko hicho ninakijua. Ni kile cha baba. Kumbe miezi yote hii kilikuwa hapahapa Butembo, mtaa wa pili, na mimi nimejifungia na karatasi.

Basi, mkebe umeenda kwa Masika. Nawaombeni msicheke. Na wale mliorekodi, ifuteni hiyo video, au angalau mkate pale kwa jogoo. Siku mkitaka kuomba msamaha, tazameni uso kwanza, ndipo mpige magoti.