Uzinduzi wa Mtambo wa Kuchanganya Dawa ya Sakafu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi; Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ni shemeji yangu lakini alipatikana kwa ushindani wa wazi; waheshimiwa wakuu wa idara, wasaidizi wao, na wasaidizi wa wasaidizi; wauguzi wetu wapendwa mliosimama kwa kuwa viti vimekaliwa na itifaki; itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa, ihesabike imezingatiwa. (Makofi.)

Nikiwa Mkurugenzi wa hospitali hii, nasimama mbele ya mtambo ambao ni zao la maono yangu, strateji yangu na unyenyekevu wangu unaojulikana kote. (Mtu anakohoa.)

Wapo wanaouliza, mtambo wa nini? Nitaeleza kwa lugha nyepesi ya kitaalamu. Stoo yetu ina dawa ya sakafu ya aina mbili: kali, ya asilimia kumi, na hafifu, ya asilimia mbili. Wodi ya wazazi inahitaji lita ishirini kila asubuhi, za asilimia nne. Nguvu ikizidi, inachubua ngozi; ikipungua, vijidudu vinaioga. (Kicheko.) Nami, nikiongozwa na misingi ya usawa, nikatoa waraka wenye mihuri mitatu: nusu kwa nusu, lita kumi kwa lita kumi, asionewe mtu!

Ndani ya wiki moja wasafishaji wanne walichubuka mikono. Mmoja, mama wa mapacha, akashindwa hata kuwaogesha wanawe. Sikulala: niliunda kamati. Kamati ikaketi siku tisa, ikapendekeza kikao. (Minong'ono.)

Kabla ya kikao, msafishaji mkuu, yule mama mnayemwita Komando, aliingia ofisini kwangu bila miadi, mikono imefungwa bandeji, akaugeuza waraka wangu na kuanza kuandika mgongoni mwake.

"Bosi, hatujui kali iwe lita ngapi, basi tuiite x. Hafifu itakuwa ishirini toa x. Tuko pamoja?"

"Hiyo x imeidhinishwa na nani?" nikamuuliza, kwa weledi. (Kicheko. Mheshimiwa hacheki.)

"Kumi mara x, jumlisha mbili mara mabano, ishirini toa x, funga mabano, lazima iwe nne mara ishirini, yaani themanini. Fungua mabano: kumi x, jumlisha arobaini, toa mbili x. Inabaki nane x ni sawa na arobaini. Basi x ni tano. Kali lita tano, hafifu kumi na tano. Nusu kwa nusu yako inatoa asilimia sita, bosi. Hiyo mbili ya ziada ndiyo iliyokula mikono ya wenzangu."

"Haya mambo umejifunzia wapi?"

"Shuleni, bosi. Kwani wewe hukupita huko?"

Mabibi na mabwana, kiongozi ni msikivu. Nilimpa onyo la maandishi kwa kuchafua waraka, kisha nikaamuru aljebra ile itekelezwe kama ubunifu wangu. Leo mikono imepona kwa asilimia mia na ishirini, na mapacha wanaogeshwa na mama yao! (Makofi marefu kutoka nyuma. Sauti: "Komando! Komando!") Asanteni, nami nawapenda.

Hata hivyo, taasisi ya kisasa haiwezi kutegemea akili ya mtu anayeweza kuugua, kustaafu au kuuliza maswali. Ndiyo maana mtambo huu wa otomatiki utachanganya lita elfu mbili kwa dakika, utaajiri watu mia nne, na utapunguza matumizi ya x kwa asilimia themanini. (Wauguzi wanatazamana.)

Nikisema "Dawa!", itikieni "Kwa kipimo!" Dawa! (Kimya.) Nikisema "Mkurugenzi!", itikieni "Mitano tena!" Mkurugenzi! (Shemeji peke yake: "Mitano tena!")

Mwisho, shukrani za dhati kwa mchora mabango wa mtaa wa nyuma, aliyeuchora mtambo huu kwenye turubai kwa siku moja tu, mpaka mtu anatamani kufungua koki. Wapiga picha, tafadhali msiuegemee. Rangi haijakauka.