Miguu Yangu na Pombe ya Elick

Jumapili, 1 Septemba 1996
Leo nimesema uongo mdogo. Mdogo kabisa. Tumetoka kanisani, vijana wa hapa Kirushya wakaanza tena habari za yule Mrundi aliyeshinda mbio kule Marekani mwezi uliopita. Redio imewaharibu. Mrundi akipita njiani wanamtazama miguu. Odeta, binti wa Mzee Xavery, akaniuliza kama na mimi nakimbia. Nikamjibu kwamba yule bwana tulifanya naye mazoezi kwenye kilima kimoja, na siku nyingine aliniomba nipunguze mwendo. Odeta akacheka. Meno yale! Sijafurahi hivi tangu nivuke mpaka.

Jumanne, 3 Septemba
Uongo umekua. Odeta kamwambia baba yake, baba yake kaupeleka ofisi ya kata. Mzee Xavery ndiye aliyenipokea nilipofika bila hata jembe, akanipa mahali pa kibanda na kipande cha kulima maharage. Siwezi kumkatalia kitu. Leo kaniita akaniambia kuna mbio tarehe 21: kutoka ofisi ya kata, kupanda mlima mpaka kwenye msalaba, kuteremka upande wa pili, kuzunguka bonde na kurudi. Zawadi ni baiskeli mpya yenye keria na kengele. Jina langu limeshaandikwa. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili kwa kuchanganyikiwa.

Halafu akasema neno ambalo limenikaa moyoni. Kwamba yeye si kipofu, anajua ninavyomtazama Odeta. Mkimbizi hana ng'ombe wala migomba, lakini mtu mwenye baiskeli hafi njaa. Nikishinda, nije na pombe ya posa, ataipokea.

Namtaka Odeta. Basi nitashinda. Sijui vipi.

Jumatatu, 9 Septemba
Mazoezi ya kwanza. Nimeshindwa kufika hata kwenye mti wa kwanza wa mlima ule. Nimelala majanini, nimepitwa na mama mwenye mzigo wa kuni, akanipa pole.

Jirani yangu Nimpaye ananicheka mpaka anashika mbavu. Tulitoka naye kijiji kimoja Burundi, anajua kwamba nilikuwa fundi cherehani. Miguu yangu imezoea kukanyaga, lakini nikiwa nimekaa. Nimemsihi afunge mdomo. Amekubali, kwa sharti nimshonee blauzi.

Habari mbaya zaidi: Elick anakimbia. Huyu ni karani wa chama cha ushirika, ana raba nyeupe na saa ya mkononi. Na yeye anamtaka Odeta. Leo kanipita njiani akikimbia kinyumenyume ili aniulize hali. Kinyumenyume!

Alhamisi, 19 Septemba
Nimepata dawa. Akili inashinda mapafu. Njia ya mbio inaupanda mlima wote na kuuzunguka, lakini chini ya kona ya pili kuna migomba ya Bibi Scolastica, bibi yake Elick. Ukikatiza humo unatokea barabarani karibu kabisa na ofisi ya kata. Nitaanza nyuma ya wote, nitazama kwenye migomba, nitapumzika kidogo, nitatokea nikiwa wa kwanza. Nimeipita njia hiyo jana. Hakuna mtu, ni migomba tu. Kesho nashona kaptura ya ushindi.

Jumamosi, 21 Septemba
Naandika kwa jicho moja. La pili limefumba.

Filimbi imelia, wameondoka kama mbuzi waliofunguliwa, Elick mbele na raba zake. Nikakaa nyuma kwa heshima. Kwenye kona ya pili nikageuka kidogo, na toka pale niliiona milima ya kwetu, ng'ambo ya mpaka, ile ambayo huwa siiangalii. Nikasimama. Nilitamani leo tu niitwe Matiasi mshindi, nisiitwe yule mkimbizi wa Xavery. Halafu nikakumbuka kazi iliyonileta, nikajitupa kwenye migomba.

Mteremko ulikuwa mkali kuliko nilivyodhani. Nilishindwa kusimama. Nikatua na miguu yote miwili ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi! Nilipopita Jumatano haukuwepo, leo umejaa ndizi mbivu na majani ya kukamulia. Pembeni amekaa Bibi Scolastica kwenye kigoda, ananitazama.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba. Nikainua mguu nitoke, akaniambia nisithubutu. Hata kwetu ni hivyohivyo, ningejisahaulishaje? Mtu akishatia miguu kwenye ndizi hatoki mpaka maji yatoke. Akitoka kabla, pombe inaharibika na lawama ni yake. Bibi akasema mkanyagaji wake amekwenda kutazama mbio, kumbe Mungu kamletea mwingine. Nikakanyaga.

Katikati ya kukanyaga nikamuuliza, kwa adabu, pombe hii ni ya sherehe gani.

“Ya Elick wangu,” akasema. “Jumanne anapeleka posa kwa Xavery. Kanyaga vizuri, mjukuu wangu.”

Nilikaribia kulia. Nikapanga palepale niruke nje, niiharibu, lawama nitaibeba. Nikainua mguu. Maji yakatoka! Mengi, matamu, ya rangi ya dhahabu. Miguu hii ya cherehani! Bibi akapiga vigelegele.

Akaniruhusu nitoke. Na mimi nikiwa nimelowa utamu mpaka mapajani, nyuki wakafika.

Sasa nakiri: leo nimekimbia. Nimekimbia kama yule bwana wa redioni. Nilitoka kwenye migomba nikilia, nikampita Elick kwenye mita za mwisho, nikaupita utepe, nikaipita ofisi ya kata, wakanikamata kwenye tangi la maji. Watu walishangilia! Mzee Xavery alinikumbatia, akadungwa na nyuki wawili, asijali. Odeta alikuwa anaruka. Niliishika ile baiskeli. Nikapiga kengele.

Ndipo Bibi Scolastica alipofika kwa mkongojo wake, akihema njia nzima, ili anishukuru mbele ya watu. Akawaeleza wote jinsi nilivyomkanyagia ndizi zake, mtumbwi mzima, bila kulalamika, wenzangu wakiwa mlimani. Akanisifu sana. Hakuacha kitu.

Kikatoka kicheko ambacho nadhani kimesikika mpaka Burundi. Baiskeli kapewa Elick. Mzee Xavery hakucheka. Aliondoka bila kuniaga, na hilo limeniuma kuliko nyuki.

Jumanne, 24 Septemba
Sikualikwa kwenye posa. Nilikuwa nyuma ya ua, kwa bahati tu, nachuma mboga ambazo hazikuwepo.

Elick alikuja na baiskeli, kibuyu kwenye keria. Wazee wakapokea mirija, wakaonja, wakaonja tena. Mzee Xavery akasema hajawahi kunywa pombe nzuri hivi, akauliza nani kaikamua. Elick akatazama raba zake. Bibi Scolastica akanitaja kwa sauti, jina na la baba.

Mrija ukapelekwa kwa Odeta, kwa maana binti akinywa ndiyo amekubali. Odeta akaushika. Akaurudisha.

“Hii nitainywa akiileta aliyeikanyaga,” akasema. “Na aje na ukweli.”

Nilikaa chini kwenye majani. Machozi yalinitoka, hata lile jicho lililofumba.

Jumatano, 25 Septemba
Nimejifunza! Sitasema uongo tena maishani. Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Xavery na uso wangu uliovimba, Odeta akiwepo. Nikakiri kila kitu: sijui kukimbia, yule bwana simjui, nilikuwa fundi cherehani. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtu anayekubali aibu yake anaweza kuoa. Nilikuwa nimefika. Ilibaki kushukuru na kwenda zangu.

Lakini alinitazama usoni, akashangaa. Akasema nyuki wale wangemuua mtu mwingine. Odeta alikuwa ananitazama pia. Nikasikia mdomo wangu ukimwambia kwamba hawa wamenigusa tu, maana kwetu nilikuwa mrina asali, nyuki wananijua.

Mzee akafurahi sana. Ana mzinga juu ya mti mrefu bondeni, miaka yote hakuna aliyethubutu kuusogelea. Jumamosi ndiyo siku yangu, kijiji kizima kitakuja kutazama. Odeta akaingia ndani, akatoka na bakuli kubwa la kuwekea asali, na mafuta ya kupaka uvimbe.

Nimeshapata mpango. Nitashona kofia.